Amplifaya Mbili za Wana wa Min Rude

Riat, Kisumu
11 Februari 2025

Kwako Odongo, uliyetoka wa pili,

Nakusalimu kwa moyo mweupe, au tuseme mweupe wa kutosha. Hapa Riat tu wazima. Shemeji yako Maximilla anakusalimu na anauliza kama goti la mkeo Amolo limepata nafuu. Paka wetu amezaa tena, watatu, wote sura moja na paka dume wa jirani, lakini jirani anakana. Mimi tangu nistaafu ualimu sina mtoto wa kumfokea, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Naandika kwa Kiswahili kama Achola alivyoamuru. Dada yetu ana akili. Alisema simu tuziache, maana tukipigiana tunapayuka mpaka majirani wanakuja kuuliza ni nani amefariki. Na Dholuo tukiweke kando kidogo, maana kwa Dholuo matusi yanatufika mdomoni kabla ya mawazo. Kwa Kiswahili mtu lazima alitafute neno, na akilitafuta hasira inapoa. Barua nampa Dorca, yule anayekuja huko kwenu Luanda Kotieno kununua omena, wale dagaa wa ziwani. Ikinuka, usinilaumu mimi.

Sasa neno lenyewe. Inakaribia miaka mitatu tangu tumzike mama, na miaka hiyo yote mimi na wewe hatujaketi benchi moja, kisa sahani moja ya santuri. Wewe uliichukua wakati wa matanga ukaificha kwenye sanduku la barafu (usikatae), mimi nikaichukua tena mchana kweupe, Achola akatunyang'anya sote akaenda nayo kwake Kisian. Sasa amechoka kuwa askari wa santuri. Amesema itakwenda kwa yule ambaye amplifaya yake itamtoa mama mle ndani asimame chumbani kama alivyokuwa. Spika ni zile kubwa za baba, mashine ya santuri ni ya baba, zote ziko kwake. Sisi kila mmoja alete amplifaya yake, moja. Hakimu ni yeye. Siku ni tarehe mbili Agosti, siku aliyotutoka mama.

Maximilla kwao Bungoma hawana mambo yetu ya pakruok, yale majisifu ya ngomani, kwa hiyo jana alitaka kujua kwa nini wazee wawili wenye vipara wanagombania wimbo wa gita. Nikamweleza. Nikamwambia baba alirekodi wimbo mmoja tu maishani mwake, na mama alikuwa amempelekea chakula hapo mahali pa kurekodia. Katikati ya wimbo mama uvumilivu ukamwishia. Akasimamisha gita, kama mtu anavyosimamisha ngoma kwetu akitaka kujisifu, akajitaja mbele ya mashine bila haya: "Mimi Min Rude, mama wa mapacha! Niliyebeba mmoja kulia na mmoja kushoto, na sikuegemea upande!" Halafu akacheka kile kicheko chake. Baba naye akacheka, gita likaingia vibaya, wakauacha wimbo hivyo hivyo. Na sahani iliyobaki duniani ni hiyo moja.

Maximilla akasema, "Basi nunua hiyo kitu, Baba. Lakini isishinde meza ukubwa."

Jitayarishe kushindwa.

Ndugu yako mkubwa,
Opiyo


Luanda Kotieno
27 Februari 2025

Opiyo, mkubwa wangu kwa dakika chache,

Barua nimeipata. Imenuka omena kweli, lakini nusu ya ile harufu ni majivuno. Wewe ulitangulia kutoka kwa sababu mimi nilikusukuma nipate nafasi ya kunyoosha miguu. Mama mwenyewe alikuwa akisema hivyo.

Huku tu salama. Goti la Amolo limepona kiasi kwamba Jumapili ananiacha njiani na kufika kanisani kabla yangu, halafu ananikazia macho nikiingia nimechelewa. Barafu inauzika. Samaki wapo, ila sangara wamekuwa wadogo na wavuvi wamekuwa wakali. Mwambie jirani yako akubali wale paka.

Nimekubali masharti ya Achola, na usifikiri utanikuta nimelala. Wiki mbili hizi nimekuwa nikisoma habari za amplifaya kwenye simu mpaka Amolo ananiita fundi. Najua kuna zile za valvu, zenye chupa za kioo ndani, na watu wanaapa kwamba hakuna utamu mwingine duniani. Lakini valvu zinataka umeme mtulivu, na umeme wa huku unakuja na kwenda kama mgeni asiyejua mlango. Kuna ndogo za kisasa zisizotoa hata jasho. Sizitaki, kitu cha kazi kitoe jasho. Mimi nataka yenye nguvu na upole pamoja. Kama mama, kwa kweli.

Unajua kwa nini naitaka sahani hiyo, ila nitaandika ili usiseme sikusema. Siku ile nilikuwa ng'ambo, Mbita, ziwa limechafuka na hakuna chombo kilichokubali kuvuka. Nilipofika mlangoni mama alikuwa ameshaondoka. Wewe ulikuwa naye hadi mwisho. Mimi nina ile sahani tu, na hata hiyo sina.

Basi. Andaa blanketi la kufutia machozi.

Nduguyo,
Odongo


Riat, Kisumu
15 Machi 2025

Kwako Odongo,

Salamu zitangulie, maana nikianza na habari nitazisahau. Maximilla mzima, mimi mzima, paka wamefumbua macho.

Nimenunua! Omera, ndugu yangu, nimenunua, na tangu jana siwezi kukaa kitini.

Duka sikutajii, nakujua. Nilivaa lile koti la kahawia, mojawapo ya yale Achola aliyotushonea sote wawili wakati wa matanga, ili nionekane mtu wa vitu vya maana. Muuzaji akanisikilizisha tatu, wimbo mmoja kwa zote. Ya kwanza ni hiyo ndogo ya kisasa, unaweza kuibeba kwapani kama mkate. Ni safi, sikatai. Kila uzi wa gita unauhesabu. Lakini ukishahesabu huna hamu tena, kama chai iliyokosa majani. Ya pili ya valvu. Odongo, kulikuwa na utamu pale! Mwimbaji alitoka akakaa karibu nami kabisa, nikataka kumkaribisha chai. Ila besi ilipoingia ilijikwaa, ikachelewa, ikaomba radhi, na wimbo wa baba bila besi ni kuruka kwa mguu mmoja.

Ya tatu ndiyo hii. Ina uso wa fedha, mikono miwili ya kubebea, na dirisha la kioo cha samawati lenye sindano inayocheza na muziki. Ni nzito, inataka watu wawili. Ikilia nusu saa inapata joto la kutosha kumlaza paka, na paka ameshagundua. Ina utamu wa ile ya valvu na nguvu za trekta. Nilipoisikia nilimshika muuzaji mkono bila kujua.

Sasa sikia ujanja wa watu. Pale mezani zilikuwa mbili, zimefanana kama mimi na wewe. Nikasema nifungie moja. Muuzaji akakuna kichwa.

"Mzee, hii kitu inaendanga na mwenzake. Moja ni ya spika ya kulia, ingine ya kushoto. Ukibeba moja umebeba nusu."

Nilicheka mpaka machozi. Nimefundisha hesabu tangu enzi za ubao mweusi! Anayekuuzia amplifaya mbili kwa kazi ya moja, kesho atakuuzia viatu vinne. Na Achola alisema moja. Nikashikilia moja. Akanifungulia mlango huku anacheka. "Sawa tu. Lakini utarudi, mzee. Mwenzake nitakuwekea."

Jioni nilimpigia Achola nikamsimulia yote, maana kwa Achola simu sijakatazwa. Alicheka sana. Kisha akaniuliza mara mbili jina la duka.

Imefungwa sebuleni na inalia ajabu. Nyuma nimeona mahali pa kufungia spika moja tu. Nadhani mafundi wa siku hizi wanapaficha pale pengine. Nitapatafuta.

Mshindi mtarajiwa,
Opiyo


Luanda Kotieno
24 Machi 2025

Opiyo,

Sisi wazima, na natumai nanyi pia, maana barua yako sijaipata. Dorca hajaonekana huku. Nasikia yuko Maseno anamuuguza mkwewe, na bila shaka maringo yako yamelala ndani ya kapu lake. Hii nampa dereva wa lori la samaki.

Keti chini. Nami nimenunua.

Nilimuuliza mtu ninayemwamini, akanielekeza duka, akaniambia nivae lile koti la kahawia ili niheshimiwe. Jumanne nilikuja Kisumu na kurudi siku hiyo hiyo. Ndiyo, nilipita karibu na kwako. La, sikubisha hodi.

Omera, sijawahi kupokelewa hivyo maishani! Kuingiza mguu tu mlangoni, muuzaji akaruka. "Mzee! Si nilikuambia utarudi?" Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, chai ikaletwa, na kabla sijafungua kinywa amplifaya iko mezani imefungwa blanketi. "Nilikuwekea," anasema. "Sasa roho itatulia, mzee." Hajawahi kuniona, hanijui, lakini ameniangalia mara moja akajua mimi ni nani na nataka nini. Hiyo ndiyo biashara! Nimejaribu mtindo huo kwa wateja wangu wa barafu. Nikamwambia mmoja, "Nilijua utarudi," akaniambia ni mkaguzi wa afya.

Ngoja nikueleze ilivyo, uumie. Uso wake ni wa fedha. Mikono miwili. Katikati kioo cha samawati, na ndani yake sindano inayocheza. Ikilia, friza zangu zinashusha pumzi kwanza. Ikipata joto Amolo anaweka juu yake bakuli la unga wa mandazi, na nakuapia yanaumuka kuliko ya miaka yote. Sauti ni nzito na laini. Nilipoiwasha mara ya kwanza vijana wa ufukweni waliacha nyavu wakaja kusimama dirishani.

Kuna waya mmoja tu ambao sijajua unaingia wapi. Kwa sasa spika ya pili nimeiwekea kitambaa na picha ya harusi. Inapendeza.

Pole mapema.

Odongo


Riat, Kisumu
2 Mei 2025

Ndugu yangu mpendwa Odongo,

Salamu nyingi kwako na kwa Amolo. Samahani kwa kukawia kujibu. Nilikuwa na shughuli. Za paka.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, mara nimeketi na mara nimesimama. Maximilla aliisoma mara moja tu, akaingia jikoni, nikamsikia akicheka huko mpaka ugali ukaungua.

Nina maswali madogo, ya upendo. Ulilivaa lile koti na kofia, au kipara wazi? Muuzaji huyo, ni Wechuli? Na amplifaya yako, inalia pande zote mbili?

Naona pia kwamba nyumba yako ni ya mabati na kitu hicho kina joto jingi. Kikikuchosha, mimi kama mkubwa niko tayari kukipokea hapa Riat nikutunzie. Sitakudai chochote kwa kukitunza.

Wako kwa dhati,
Opiyo


Luanda Kotieno
9 Mei 2025

Opiyo mpendwa,

Tu wazima wote. Dorca amerudi, mkwewe amepona, na amenipa barua zako mbili siku moja, ya Machi na ya Mei. Nilizisoma kwa mpangilio. Kisha nikatoka nje nikaizunguka nyumba, Amolo akadhani nimemwona nyoka.

Kipara kilikuwa wazi. Ndiyo, ni Wechuli. Kuhusu pande, ningependa ujue kwamba yangu inalia. Inalia mpaka jikoni. Pande ni suala la mtu amesimama wapi. Yako je? Umepata pale mafundi walipopaficha?

Na huko Riat mlimani, nasikia radi ni nyingi. Si mahali pa kuweka kitu cha thamani. Iko nafasi kwenye chumba changu cha barafu. Nitumie yako, nami nitaifunika vizuri.

Amolo anasema, "Nyinyi wazee mko na akili kweli? Si muweke hizo vitu pamoja?" Nimemwambia haya si mambo ya mandazi.

Odongo


Riat, Kisumu
18 Juni 2025

Odongo,

Hatujambo. Paka mmoja tumempa jirani. Amemkubali kwa shingo upande, na watoto wake wamempa jina zuri kuliko lake.

Nilikwenda kwa Wechuli kimyakimya kuuliza kama ana nyingine mfano wa ile. Akanikodolea macho. "Mzee, si zote mbili ziko kwako?" Nikasema ziko, ila moja imekwenda kutembea. Akasema jozi nyingine kama ile hana na hajui atapata wapi. Akanipa chai, nikainywa kwa aibu.

Niuzie, Odongo. Sisemi kwa mzaha sasa. Unafikiri naitaka sahani ili nikushinde. Ni kweli, kidogo. Lakini wewe unamkumbuka mama akicheka. Mimi nilikaa naye miezi ile ya mwisho, sauti imebaki uzi tu, na kila nikimwaza ni ule uzi ninaousikia. Nimesahau kicheko chake. Mtu anawezaje kusahau kicheko kama kile? Nimekisahau, na kimo mle ndani ya sahani, nami nakitaka.

Opiyo


Luanda Kotieno
1 Julai 2025

Opiyo,

Tuko salama, Mungu ni mwema, mandazi yanaumuka.

Siuzi. Niuzie wewe.

Nilikaa na barua yako muda mrefu, na pole nakupa, ya kweli. Ila nami nikwambie. Muziki wa upande mmoja ni kama kumsikia mtu aliye chumba cha pili. Mimi nilishafika mara moja mama akiwa si wa kufikiwa tena. Sitaki kufika tena nimkute chumba cha pili.

Kwa hiyo nitakuja na yangu kama ilivyo, nawe njoo na yako, Achola aamue. Atakayeshindwa asiseme neno.

Odongo


Riat, Kisumu
5 Agosti 2025

Odongo, wuon mandazi, yaani baba wa mandazi,

Salamu, na salamu tena. Tulifika nyumbani vizuri. Maximilla bado anacheka.

Naandika mambo uliyoyaona kwa macho yako mwenyewe, kwa sababu nakujua. Ukiyasimulia huko ufukweni utajipa ushindi, nami nataka yakae kwenye karatasi.

Iandikwe kwamba tulifika Kisian wakati mmoja, wewe ukitokea upande wa Bondo na mimi upande wa mjini, kila mmoja ndani ya koti la kahawia, kila mmoja na mzigo wake ndani ya blanketi. Mama mmoja wa kuuza ndizi pale njia panda alitutazama wote wawili akafunga biashara kwa muda. Iandikwe kwamba mimi ndiye niliyekusalimu kwanza, na wewe ukajibu ukiitazama pickup iliyonileta.

Iandikwe kwamba yangu ilitangulia, kama ilivyo haki yangu ya kuzaliwa. Achola alikuwa ameketi kwenye benchi katikati ya chumba, mikono kifuani, spika za baba moja huku na moja kule. Sindano ikacheza, gita la baba likaingia, mama akasimamisha ngoma. Lakini alikuwa kule pembeni kabisa, karibu na kabati la vyombo. Achola akatikisa kichwa. "Huyu mama anaongea akiwa jikoni. Hapana. Odongo, leta yako."

Ukaleta. Ukafunga spika ya upande wa pili. Mama akaja upande wa dirisha. Achola akasema, "Na huyu ako nje na kuku. Hapana. Mmeanguka wote wawili. Sahani inabaki hapa."

Nilikubaliana nawe mapema kwamba atakayeshindwa asiseme neno, basi nikaanza kukunja blanketi langu. Ukainama, ukaichomoa ile amplifaya, ukaikumbatia peke yako, mzigo wa watu wawili. Nilijua unatoka. Mlango ulikuwa wazi. Ukaupita mlango, ukaja ukaiweka kando ya yangu, nyuso za fedha zimekaa sambamba, ukaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Nipe waya."

Ukiacha ile salamu, ndilo neno la kwanza ulilonipa ana kwa ana kwa miaka mitatu, Odongo, na lilikuwa "nipe waya". Nilikupa. Ningekupa na koti.

Achola akatupisha kwenye benchi. Sindano mbili zikaondoka pamoja. Sahani ile ni ya zamani, haikugawa sauti. Ilichompa wa kulia ndicho ilichompa wa kushoto. Basi mama akaja katikati. Pale mbele yetu hapakuwa na spika, hapakuwa na kitu ila ukuta na kalenda ya kanisa, naye akasimama pale pale, urefu wake ule ule, akasema yeye ni Min Rude na kwamba hakuegemea upande. Kisha akacheka.

Ndicho hicho, Odongo! Kinaanzia chini, kinapanda, kinakatika kidogo kabla ya mwisho. Nilikuwa nimekisahau na sasa ninacho. Tangu Jumamosi nakitembeza nyumba nzima.

Iandikwe kwamba wewe ulilia, na mimi nilikuwa na vumbi machoni.

Opiyo


Luanda Kotieno
12 Agosti 2025

Opiyo, wa upande wa kushoto,

Huku ni furaha na malalamiko. Furaha ni yangu, malalamiko ni ya Amolo, ambaye mandazi yake yamegoma kuumuka tangu amplifaya ibaki Kisian. Anakusalimu hivyo hivyo.

Barua yako ni ya uongo sehemu moja. Wewe ndiye uliyelia, tena kwa sauti, na Maximilla alikupa kanga yake ukapenga kamasi. Hilo limekwisha simuliwa ufukweni. Lakini nakushukuru umeandika lile la waya, maana mimi nisingeliweza.

Sasa nikwambie kitu. Yule mtu ninayemwamini, aliyenielekeza kwa Wechuli, alikuwa Achola. Ni yeye aliyeniambia, "Wewe enda tu, lakini vaa ile koti ya kahawia." Jana nilimpigia nikamuuliza kama alijua tangu mwanzo. Akaniambia ana mboga motoni. Nikamuuliza tena. Akasema mama hakuwahi kutununulia kitu kimoja bila cha pili, hata kofia, na yeye hakuwa mjinga wa kuanza. Halafu akakata simu. Fikiria vizuri, Opiyo: sahani anayo, spika anazo, mashine anayo, amplifaya zote mbili ziko kwake, na sisi wawili tumemwahidi kwenda huko kila Jumapili tukitoka kanisani. Hakimu ndiye aliyeshinda. Nimecheka peke yangu kati ya barafu mpaka mteja akaondoka.

Na kuna jambo hukuliandika. Labda hukuliona, maana ulikuwa na vumbi. Mama alipoanza kucheka, mimi nilisogea kulia, na wewe wakati huo huo ukasogea kushoto. Hatukuambiana. Achola aliyekuwa amesimama nyuma yetu ndiye aliyeona, naye ndiye aliyeniambia. Anasema tuliacha nafasi ya mtu mmoja katikati ya benchi, na wimbo ulipokwisha bado hatukuijaza.

Jumapili nakuja na sangara, mwambie Maximilla alete ndizi. Wewe kaa upande wako nami nikae wangu. Pale katikati pana mwenyewe.

Odongo, wa kulia